Faili limefutika Drive? Kabla hujampa fundi hela, fungua Tupio

Kuna biashara inanikera sana mjini, mtu kadilit mafaili yake Google Drive au picha Google Photos, anakimbilia kwa fundi, fundi anamwambia ipo softwea ya kurudisha, lete hela na paswedi ya email. Jamani hiyo softwea haipo. Zile app za kurudisha mafaili zinafanya kazi kwenye memori kadi na hard disk, maana pale ukifuta kitu data inabaki palepale mpaka kiandikwe kingine juu yake, ndio app inaweza kuichimba. Faili la Drive liko kwenye seva (kompyuta kubwa) za Google huko, app ya fundi inafikaje? Anachofanya ni kufungua Tupio (Trash, vinapokaa vilivyofutwa) na kubonyeza kurejesha, kitu ambacho ungefanya mwenyewe bure umekaa kwenye daladala. Na paswedi yako ndo kashaipata.

Ishu ni siku tu ambazo kitu kinakaa Tupio kabla hakijafutwa kabisa. Drive wanakupa 30, Photos 60 kama picha ilikuwa imeshapanda bakapu, yaani kopi yake iko Google (kama haikupanda ni 30), na kwenye hifadhi nyingine za mtandaoni kama Drive, OneDrive ya binafsi 30 ila ya kazini au shuleni inafika 93, Dropbox ya bure 30. Kwa wale wa email za kazini za Google, hata Tupio likishasafishwa admin wenu (msimamizi wa hizo email) ana siku 25 za kulirudisha faili, kwahiyo mfuate yeye mapema, usikae unaona aibu hadi siku ziishe.

Na kama Tupio liko tupu usikate tamaa haraka. Kwenye folda mnayoshea watu wengi mtu anaweza kufuta folda yake na faili lako likabaki linaelea halina folda, lipo ila hulioni, andika is:unorganized owner:me kwenye sehemu ya kutafutia ya Drive utashangaa. Ila kama faili mwenyewe ni mwingine na kalifuta yeye, utampigia tu simu umbembeleze.

Kinachowaumiza watu wengi zaidi ni kudhani kusinki (vifaa vyako vyote kuonyesha kitu kilekile) ndo bakapu. Simu imejaa, mtu anaingia Photos anafuta picha za harusi ya dada yake akijua za cloud zimebaki, kumbe amefuta kote kote, simu na cloud na kwenye laptopu pia. Kuna kitufe cha kuongeza nafasi (Free up space) kinachofuta kopi ya kwenye simu peke yake, hicho ndo cha kubonyeza, lakini nani anakijua? Mimi nawalaumu waliotengeneza app kuliko huyo aliyefuta.

Hata wakubwa yanawakuta. Mei 2024 mfuko wa pensheni wa Australia, UniSuper, una wanachama zaidi ya laki sita, ulikaa siku kadhaa watu hawaoni akaunti zao sababu Google Cloud (huduma ya Google ya kukodisha seva kwa makampuni) wenyewe walikosea seting na mfumo wa mfuko huo ukafutwa. Moja ya vitu vilivyowaokoa ni bakapu waliyokuwa wameiweka kwa kampuni nyingine kabisa. Sisi wa kawaida hard disk ya kuchomeka inatosha, au hata flashi kwa zile nyaraka za muhimu, vyeti, hati ya kiwanja, vitu vya hivyo.

Halafu hizi siku 30 za Drive zenyewe ni za juzi tu. Mpaka Oktoba 2020 kitu ukikitupa kinakaa Tupio mpaka ukisafishe mwenyewe, hata miaka, wakabadilisha. Ningeelewa kama wangesema mnatujazia seva, lakini vilivyomo Tupio vinahesabiwa kwenye GB 15 zako zilezile za bure! Yaani nafasi ni yangu, nimeshahesabiwa, sasa haraka ya kunifutia ya nini? Wangeweka tu seting mtu achague, siku 30, mwaka, au asifutiwe kabisa.