Kompyuta ya gesi nyingi kwa mpiga mbizi wa Mombasa: haja au mbwembwe?

Kila kaskazi inapotulia na maji ya Nyali kusafika, mjadala wa kompyuta za mbizi, zile za mkononi zinazomhesabia mtu kina na muda wake chini ya maji, hurudi miongoni mwa wanaoongoza wageni chini ya maji. Kuna wanaosema anayenunua leo anunue ya gesi nyingi, ile inayomruhusu kubadilisha gesi anayovuta kutoka mtungi mmoja hadi mwingine akiwa chini, asije akatoa pesa mara mbili. Wengine wanasema hiyo ni mbwembwe ya mkononi: bahari yetu haidai gesi ya pili, na hela hizo afadhali ziende kwenye regyuleta isiyovuja, yaani kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa ya mtungi. Kwa watu wengi mimi niko na hawa wa pili, ingawa sababu zao hazinitoshi.

Dukani kuna mambo mawili yanayochanganywa. Naitroksi ni hewa iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi ikafika asilimia 32 au 36 badala ya 21 tuliyoizoea. Karibu kila kompyuta ya siku hizi, hata za bei ya chini kama Zoop Novo ya Suunto au Leonardo ya Cressi, hukubali kuwekewa asilimia hiyo kabla hujaruka majini. Hapo bado unatumia gesi moja tu. Kompyuta ya gesi nyingi hujua kwamba umebeba mtungi wa pili, pengine na wa tatu, na unapohamia mtungi mwingine huanza hesabu upya palepale. Muuzaji akikwambia "hii ni ya naitroksi, kaka," hilo la kuhama hajaligusa bado.

Sasa tuichukue MV Dania, meli iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 nje ya mwamba, upande wa kaskazini wa mji. Imelala mchangani kwenye mita 30 hivi, na ndiyo mbizi ambayo wageni wengi huiulizia. Kwa jedwali za PADI, shirika la mafunzo ya mbizi, kina hicho kwa hewa ya kawaida kinakupa dakika 20 kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda, ili naitrojeni iliyoingia mwilini itoke. Kwa naitroksi ya 32, yenye naitrojeni kidogo zaidi, unapata dakika 30. Dakika kumi za ziada kwenye meli kubwa kama ile si haba, na umezipata kwa mtungi mmoja na kompyuta ya bei nafuu.

Naitroksi ya 36, ambayo wengine huiona bora kwa kuwa oksijeni yake ni nyingi zaidi, haifai kwenye mchanga wa Dania. Kikomo kinachofuatwa cha mgandamizo wa oksijeni ni bari 1.4, na 36 hukifikia kabla ya mita 29. Ukigusa mchanga uko kwenye 1.44. Oksijeni ikizidi kiasi chini ya maji, mtu anaweza kushikwa na degedege bila dalili yoyote ya kumwonya, regyuleta ikamtoka mdomoni, akanywa maji. Kompyuta iliyowekwa 36 ingepiga kelele kabla hajafika huko. Iliyosahauliwa kwenye 21 itanyamaza, iwe ni ya gesi moja au ya gesi tano.

Ndiyo maana naona kipimo cha oksijeni kina uzito kuliko idadi ya gesi kwenye menyu. Kifaa hicho husawazishwa kwanza kwa hewa ya kawaida mpaka kisome 20.9, kisha valvu ya mtungi hufunguliwa kidogo tu, gesi ipite taratibu, na namba iachwe itulie. Utepe hubandikwa shingoni mwa mtungi: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, na herufi za jina la aliyepima. Anayeutumia mtungi apime mwenyewe, hata kama amepimiwa na mtu anayemwamini kama nduguye.

Wanaotetea gesi nyingi wana hoja, tena nzito. Mtu akikaa chini kupita muda wa jedwali, mwili wake unakuwa umeshiba naitrojeni na lazima asimame kwa vituo wakati wa kupanda. Akiwa na mtungi wa pembeni wenye oksijeni asilimia 50, anaweza kuhamia kwenye mita 21, na naitrojeni ikamtoka haraka zaidi. Oksijeni tupu yeye huisubiri mpaka mita 6. Kompyuta ya gesi moja haijui kama amehama. Itamweka majini kana kwamba bado anavuta hewa ya mgongoni, kosa ambalo kwa upande wa naitrojeni linamlinda. Kwa upande wa oksijeni halimlindi hata kidogo, kwa sababu kiasi anachovuta sasa hakihesabiwi popote.

Na kina kirefu kipo hapahapa mjini. Gari lililotumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni mwezi Septemba 2019 lilipatikana kwenye mita 58 hivi. Kwa hewa ya kawaida, kina hicho kinapita bari 1.4 za oksijeni, na ulevi wa naitrojeni unamtia mtu uzito wa akili wakati ambapo anaihitaji akili yote. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayodai traimiksi, yaani mchanganyiko wenye heliamu, na kompyuta inayouelewa.

Lakini ni wangapi kati yetu wanaoifanya? Wapiga mbizi wa kazi za bandarini mara nyingi huvuta hewa ya bomba kutoka juu, na hesabu za muda hushikwa na msimamizi aliye juu. Heliamu nayo ni bidhaa ya kuagiza, na bei yake inamfukuza mteja kabla hajakaa. (Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba ipo nyingi ardhini Rukwa, kwa jirani zetu Tanzania. Mwenye kutaka kusubiri na asubiri.) Hata ile asilimia 50 inadai mtungi na regyuleta zilizosafishwa kwa ajili ya oksijeni, mafunzo yake, na kituo chenye uwezo wa kuijaza. Usipokuwa na hivyo vyote, gesi ya pili inabaki maandishi kwenye kioo.

Tena maandishi hayo yana hatari yake, na hili silisikii likisemwa. Kompyuta nyingi za aina hii, zinapokokotoa muda wa kufika juu, hudhani utaitumia kila gesi iliyowashwa. Mtu aliyeiwasha ile 50 kwa kujaribu menyu sebuleni, akasahau kuizima, ataonyeshwa akiwa Dania muda mfupi kuliko ule utakaomkuta kweli, kwa sababu mtungi huo hakuubeba. Atapangia hewa yake namba hiyo. Atakapofika kwenye kina cha kuhama na asihame, dakika zitaongezeka wakati mtungi wake umeshapungua.

Suala la betri huku kwetu si dogo. Perdix ya Shearwater, ya gesi nyingi na traimiksi, hutumia betri moja ya AA, ambayo hata duka la mtaani Kongowea unaipata. Peregrine, mdogo wake, inapokea hadi gesi tatu za naitroksi bila heliamu, ila betri yake ni ya ndani, ya kuchaji. Ikichoka, huendi kuinunua Kongowea.

Kwa hiyo mwongoza wageni wa Nyali au Shanzu, ambaye mbizi zake nyingi ni za mwambani na Dania mara kwa mara, namshauri anunue ya gesi moja yenye kioo anachokisoma vizuri hata maji yakiwa machafu wakati wa kusi, na salio aliweke kwenye kipimo cha oksijeni. Aliyekwisha kujiandikisha kwa mafunzo ya mbizi za vituo, na anajua ni nani atakayemjazia mtungi wa pembeni, huyo anunue ya gesi nyingi tangu mwanzo. Kununua ndogo kwanza ni hasara kwake.

Wa katikati, anayesema "pengine mwakani", mara nyingi huangukia mtumba: mgeni anaondoka na anauza yake kwa bei ya mpya ya gesi moja. Biashara hiyo naikubali, kwa masharti. Afungue kifuniko cha betri atazame kama kuna kutu ya kijani na kama mpira umepasuka. Aizamishe kwenye kina kinachojulikana pamoja na kompyuta nyingine, aone kama zinasoma sawa. Kisha, kabla ya kulipa, aingie kwenye menyu na kuzima gesi zote isipokuwa ile moja atakayoibeba.