Galoni 500 za siki

Nilisoma bweni miaka sita, na kwa miaka yote sita Jumatatu ilikuwa ugali maharage. Jumanne vilevile. Jumatano kabichi ilipita kutusalimia, imechemshwa mpaka rangi imeaga, halafu Alhamisi tunarudi kwenye maharage yetu. Lawama zote tulimtwisha mwalimu wa stoo. Ukubwani ndipo nikaja kujua kwamba menyu ile, ukiondoa vitu viwili vitatu, ilishachapishwa na mchumi wa Kimarekani mwaka 1945, kabla hata mwalimu wetu hajazaliwa.

Mchumi huyo ni George Stigler. Swali lake ni lile ambalo mwenye familia hujiuliza mwezi unapokata kona: ni chakula gani cha bei ya chini kabisa kitakachomweka mtu hai na afya yake? Alichukua vyakula 77 kwa bei za Marekani za mwaka 1939, akaorodhesha virutubisho 9 ambavyo mwanamume wa kilo 70 hapaswi kuvikosa, kisha akaanza kuchambua na kuondoa. Vikabaki vitano: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu. Gharama yake ni dola 39.93 kwa mwaka mzima. Maharage peke yake yalikuwa kama kilo 129, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya kilo, makavu, kila siku ya Mungu.

Weka sembe mahali pa ngano, maziwa yafute kabisa, umefika bwalo letu.

Stigler hakuwa na njia ya kuhakikisha kwamba jibu lake ndilo bora. Njia ilikuja mwaka 1947, mwanahisabati George Dantzig alipobuni ule utaratibu wa hesabu ambao mtoto wake mdogo sisi tulikutana naye kidato cha nne: unachora mistari, unatia kivuli pande usizozitaka, kinabaki kipande cheupe, halafu unazunguka kona zake moja moja ukitafuta faida kubwa au gharama ndogo. Mwaka huohuo tatizo la Stigler likatumika kujaribia utaratibu huo. Makarani tisa wenye mashine za mezani walihesabu kwa jumla ya siku-kazi 120. Wakapata dola 39.69. Bwana Stigler, kwa kukisia kwa akili, alikuwa amekosea senti 24 tu. Nikisoma hapo huwa namvulia kofia.

Lakini kisa ninachokipenda kilitokea miaka michache baadaye. Daktari alimwambia Dantzig apunguze uzito. Kwa kuwa hesabu ni yake na kompyuta ipo kazini, akaamua mashine ndiyo impangie mlo. Tatizo lake lilikuwa njaa, basi akaiambia itafute chakula kitakachojaza tumbo: kiwe na uzito mkubwa kadiri inavyowezekana ukitoa maji, na kisivuke kiwango cha nguvu, yaani kalori, alichopewa. Mashine ikatii. Ikamwandikia, pamoja na vitu vingine, galoni 500 za siki kwa siku.

Kwenye jedwali siki ilionekana kama chakula kizito chenye nguvu kidogo sana, na hakuna aliyeiambia mashine kwamba siki ni maji. Dantzig akaifuta. Siku ya pili ikamletea vidonge 200 vya kuungia mchuzi, vile ambavyo dukani kwa Mangi huuzwa kimoja kimoja. Alijaribu kukoroga vitatu tu kwenye maji ya moto asubuhi, akatema. Chumvi! Jedwali halikuwa na kikomo cha chumvi, basi ikabidi vidonge aviwekee kikomo. Mashine ikahamia kwenye pumba, karibu kilo moja kwa siku. Mwishowe mkewe, Anne, alichoka na mchezo huo, akapitia mapendekezo ya mashine, akachukua yanayolika na kumpangia mumewe mlo mwenyewe. Jamaa akapungua kilo 10.

Tafiti za ufanisi, ziwe za chakula, ratiba za wauguzi au njia za mabasi, zina sehemu mbili: kuna kukokotoa, na kuna kuandika masharti. Kukokotoa si shida tena, siku hizi hata simu inaweza. Ugomvi wangu uko kwenye masharti. Nani anayaandika? Mara nyingi huandikwa na mtu asiyekula hicho chakula wala kupanda hilo basi. Daladala inayosubiri ijae ndipo iondoke ni mfano mzuri wa ufanisi kwa kondakta, na ni adhabu kwa aliyekaa ndani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Basi ni lilelile, abiria ni walewale, kilichobadilika ni nani aliyeulizwa.

Stigler mwenyewe hakudanganyika. Aliandika wazi kwamba hakuna anayempendekezea mtu yeyote milo hiyo. Shida ni sisi tunaosoma jedwali na kuruka maneno yaliyo chini yake.

Watu watasema mambo yamebadilika, na ni kweli. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani linatumia hesabu za ukoo huohuo kupanga mgao wa chakula, na mwaka 2021 lilipata tuzo ya Franz Edelman, inayotolewa kwa hesabu za aina hii zilizofanya kazi, kwa kazi hiyo. Sina neno. Kila shilingi iliyookolewa ni sahani ya mtu mwingine. Lakini nenda sokoni karibu na kambi yoyote ya wakimbizi utakuta sehemu ya mgao inauzwa ili muuzaji apate nyanya, au sabuni, au ada ya mtoto. Kwa mpangaji aliyekaa ofisini huo ni upotevu. Kwangu mimi hizo ni takwimu bora kuliko zilizo kwenye jedwali lake: mtu anakuonyesha, kwa hasara yake mwenyewe, sharti ulilosahau kuliandika. Bwenini nasi tulikuwa na soko letu. Nyama ya Jumamosi ilikuwa sarafu kamili. Kuna kijana alimaliza muhula akidaiwa vipande kumi na moja, na alilipa.

Majuzi nilikaa kwa mama lishe mmoja anayepikia mafundi wa jengo, saa saba mchana, jasho linatiririka. Sahani yake ni bei moja, lakini kila mtu anapakuliwa chake: mbeba zege ugali unapanda kama kichuguu, karani anapewa wali na mboga zaidi, na kila sahani ina kipande cha parachichi chembamba kama ukucha. Nikamuuliza parachichi la nini, si angeokoa hela. "Baba, bila hicho kesho wanahamia kwa yule pale," akanionyesha kwa mwiko.

Nikamsomea orodha ya Stigler kutoka kwenye simu. Unga, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi, maharage. Alisikiliza huku anakoroga.

"Mafuta?"

Hamna.

"Kitunguu? Chumvi?"

Nikamwambia hamna pia.

Akafunika sufuria, akajifuta mikono kwenye kanga. "Huyo baba," akasema, "alikuwa anampikia nani?"