Fistula ya haja kubwa: kabla hujakimbia kisu, ulizia msuli

Matangazo ya "kutibu fistula bila upasuaji" yamejaa mitandaoni, na yananiuma kwa sababu humkuta mtu ameshachoka. Kila siku nguo inachafuka usaha, kukaa ni taabu, na aibu inamzuia hata kumwambia mwenzi wake. Mtu wa hali hiyo atanunua chochote.

Ugonjwa huu mara nyingi huanza na jipu. Tezi ndogo ndani ya njia ya haja kubwa huziba, usaha hujikusanya, kisha hujitoboa hadi kwenye ngozi na kuacha tundu; hilo ndilo fistula. Kwa mtu mzima tundu hilo ni nadra kujifunga lenyewe. Kukalia maji ya uvuguvugu hupunguza maumivu, antibiotiki hutuliza maambukizi, lakini tundu linabaki palepale.

Hofu ya kisu ina msingi. Tundu likipita kwenye sehemu kubwa ya msuli unaobana haja, kulipasua lote kunaweza kumwacha mtu hawezi kuzuia choo. Kwa wagonjwa hao zipo njia zinazolinda msuli: uzi wa kutolea usaha, gundi, leza, na kizibo ambacho mara nyingi hutengenezwa kwa utumbo wa nguruwe (Mwislamu ana haki ya kuambiwa hilo mapema). Nazo kwa kawaida hufanyika chumba cha upasuaji, kwa ganzi au usingizi.

Na hazina uhakika kama zinavyonadiwa. Uingereza walikilinganisha kizibo na mbinu nyingine kwa wagonjwa 304. Baada ya mwaka, waliopona walikuwa zaidi kidogo ya nusu kila upande. Tiba ya seli shina (chembe changa za mwili zinazosaidia kukarabati tishu) iitwayo Alofisel, iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2018 kwa wenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo), iliondolewa sokoni 2024 baada ya utafiti mkubwa kushindwa kuthibitisha faida yake. Tundu la juujuu likipasuliwa na daktari mzoefu, zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Mwenye tundu la aina hiyo, kumuuzia leza ya bei mbaya ni kumdhulumu.

Kwa hiyo muulize daktari: tundu langu limepita msuli kiasi gani? Je, nahitaji MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku)? Na kinyama kitakachotolewa kipelekwe maabara, maana kifua kikuu nacho hujificha hapo, na hicho kina vidonge vyake.