Mfuko wa jamii Muheza: hela tutachanga, ila nani atakaa mezani kugawa?

Mwezi uliopita watu wa Muheza tunaoishi Tanga mjini na wachache waliopanda basi toka Dar tulikaa kikao cha kusoma mahesabu ya mchango wa madawati, madawati yameshafika shuleni na watoto wanakalia, ikabaki laki nne na kidogo. Hapo ndo mzee mmoja akasimama akasema hii hela isigawanywe wala isiliwe chakula cha kikao, tuifanye mbegu ya mfuko wa kudumu, mfuko ambao kila mwaka utasaidia vile vikundi vyetu vya vijijini vinavyohangaika bila mtu wa kuvishika mkono. Nusu ya watu walipiga makofi na nusu wakanuna, na tangu siku hiyo hilo jambo linaninyima usingizi, kwa sababu wote wawili, aliyepiga makofi na aliyenuna, naona wana hoja ya kweli.

Kwanza tuelewane ni mfuko gani, maana kwetu ukisema "mfuko wa jamii" mmoja anafikiria NSSF, mwingine TASAF, mwingine bima ya CHF. Huu ni tofauti. Ni taasisi ya eneo fulani, wilaya au mkoa, inayokusanya michango ya watu wa hapo na waliotoka hapo, inaweka akiba inayozaa, alafu kile kinachopatikana kinagawiwa kama ruzuku kwa asasi na vikundi vya hapohapo. Wazo kwa sura hii lilianzia Marekani mji wa Cleveland mwaka 1914, mtu wa benki anaitwa Frederick Goff alichoka kuona hela za marehemu zimefungwa na wosia wa zamani kwa kazi ambazo hazipo tena, akaweka utaratibu wa kamati ya watu wa mji kuamua hela iende wapi kulingana na shida ya wakati huo. Wenzetu Kenya wana Kenya Community Development Foundation tangu 1997. Hapa kwetu Foundation for Civil Society imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi nchi nzima tangu miaka ya mwanzo ya 2000, ila hiyo ni ya kitaifa na sehemu kubwa ya hela yake ilitoka kwa wafadhili wa nje.

Sasa kwa nini mi naegemea upande wa mzee. Nimekuwa mweka hazina wa kikundi kinachotembelea wazee wasio na watu kwenye vijiji vya juu upande wa Amani. Kazi yenyewe ndogo ukiisikia: nauli ya bodaboda, sabuni, unga, dawa ya kuchua, na mtu wa kumpeleka bibi hospitali akizidiwa. Kwa mwezi tunatumia kama 180,000. Mwaka fulani tukaambiwa kuna mfadhili anatoa milioni tatu, tukafurahi kweli, fomu ikaja kwa Kiingereza kurasa ishirini na kitu, wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, mkaguzi tuliyemuuliza bei akasema milioni moja na nusu. Yani nusu ya hela ingeishia kuthibitisha kwamba tunaweza kupewa hela! Alafu kwenye bajeti nauli ya bodaboda hairuhusiwi, hiyo wanaita gharama za uendeshaji, wanachotaka ni mafunzo na semina. Wazee wetu hawahitaji semina. Tukaacha.

Hapo ndo mfuko wa karibu unaponivutia. Mtu wa Muheza hahitaji kurasa ishirini kujua sisi ni nani, atamuuliza mtendaji wa kijiji, atampigia mama wa jumuiya au imamu, atapanda bodaboda mwenyewe aende kuona. Na anajua kwamba mvua ikinyesha barabara ya juu inakatika na bei ya bodaboda inakuwa mara mbili, hatashangaa kuona risiti imepanda mwezi wa nne.

Kuna watu kwenye kikao walisema mbona halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Ni kweli ipo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, ikasimamishwa 2023 ikarudi 2024. Lakini ule ni mkopo. Mkopo unamfaa anayefuga kuku au anayeuza machungwa, kesho atauza arudishe, ila kikundi kinachomuogesha mzee kipofu kitarudisha nini? Hawa ndo wanaobaki katikati, hawana biashara ya kukopesheka na hawana makaratasi ya kufadhilika, na vijijini kwetu kazi nyingi za huruma zinafanywa na watu wa namna hii.

Alafu tuliona 2025. Januari Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje na kufika Julai mosi shirika lake la misaada, USAID, likafungwa, na uamuzi umepitishwa ng'ambo na mtu ambaye hajui hata Muheza iko wapi. Simlaumu mtu, hela ni ya kwao. Ila hela ya kwao ina tarehe ya mwisho ambayo hupangi wewe.

Nije upande wa walionuna, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu wengi wanawapuuza wakidhani ni ubahili.

Dada mmoja anayefanya kazi ya uhasibu alitoa simu yake akapiga hesabu mbele yetu na kweli zilitunyamazisha. Tuseme tumefika milioni 100, tukaweka kwenye hatifungani za serikali au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, tuchukulie inazaa asilimia 10 kwa mwaka, hiyo ni milioni 10. Ukitaka mtaji usiliwe na kupanda kwa bei unarudisha humo kama milioni 3, inabaki 7. Usajili, mhasibu, mkaguzi, vikao, nauli za kwenda kuona vikundi, hata ukijibana vipi milioni 2 itatoka. Umebaki na 5. Kikundi kama chetu cha wazee kinakula 2,160,000 kwa mwaka. Kwahiyo milioni 100 nzima inatunza vikundi viwili! Na ile milioni 100 utaipataje? Watu 400 wakitoa elfu kumi kila mwezi ni milioni 48 kwa mwaka, miaka miwili na zaidi tunajaza kibubu huku wazee wanasubiri, wakati hiyohiyo milioni 48 ikigawiwa moja kwa moja, hata ukitoa milioni 8 za uendeshaji, ingebeba vikundi 18 mwaka huuhuu.

Mi sikuwa na jibu pale pale. Nyumbani ndo nikakumbuka kitu kimoja, ile 48 ni ya mwaka wa kwanza wakati watu wana moto. Mwaka wa tatu je, machungwa yamekosa bei, shule zimefunguliwa Januari, nani atatoa elfu kumi? Akiba ni kwa ajili ya mwaka huo. Lakini nakubali kabisa kwamba kuanza na akiba kubwa ni anasa ya watu wenye matajiri wa kuwaachia urithi. Sisi tugawe sehemu kubwa, tuseme sehemu nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki ndo iende kulala benki.

Hoja ya pili ya walionuna ni nzito kuliko hesabu. Mzee mwingine, huyu hakuinua sauti, alisema hivi, "Wanangu, nyie mnachanga harusi na misiba kwa sababu mnajua na wewe utachangiwa. Huko kwenye mfuko anayetoa atarudishiwa nini?" Watu huwa tunajisifu kwamba Waswahili tunajua kuchangiana, na ni kweli, ila kuchangiana kwetu kuna daftari, ukitoa hamsini kwa binti yangu nami naandika, siku ya binti yako zinarudi. Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, pia ni hivyohivyo, leo tunalima njia inayopita kwangu kesho inayopita kwako. Kumpa mtu usiyemjua kupitia kamati usiyoikalia ni tabia nyingine kabisa, na haitokei kwa sababu tumefungua akaunti.

Ila tabia hiyo pwani hatuanzi sifuri. Tuna wakfu. Mtu alikuwa anasema minazi hii ishirini ni ya msikiti, nazi zikianguliwa zinanunua mafuta ya taa na mikeka, na yeye hadai kurudishiwa na binadamu yeyote. Wazo zima la mfuko wa jamii lipo humo ndani, mtaji hauguswi, matunda yanagawiwa. Na udhaifu wake pia upo humo, minazi ikizeeka hakuna anayepanda mingine, msimamizi akifa watoto wake wanaanza kuita shamba la baba, shamba likipimwa viwanja wakfu inabaki hadithi. Kwa maneno mengine kilichoua wakfu nyingi ni kukosa mtu wa kuulizwa, wala hakukuwa na upungufu wa ukarimu.

Kwahiyo mi nadhani ugomvi wetu wa hela tunayo au hatunayo unatupotezea muda. Swali gumu ni nani anakaa mezani. Muheza kila mtu ni ndugu au shemeji wa mtu, ule ukaribu nilioupongeza juu ndo huohuo utakaofanya kikundi cha mke wa diwani kipate kila mwaka na kikundi cha kina mama wa kitongoji cha mbali kisijue hata kama fomu zilitoka. Mfadhili wa ng'ambo ana kurasa ishirini za kero lakini angalau hana shemeji Muheza. Na anayechanga milioni moja atakubali kweli kura yake iwe sawa na ya aliyechanga elfu mbili? Mi nimeshaona kamati ya msikiti ikigawanyika kwa jambo dogo kuliko hilo.

Kuna na la usawa kati ya maeneo, hili linaniuma. Lushoto wana watu wengi wenye biashara Dar, wakiamua kuchanga watachanga. Kilindi je? Kama kila wilaya itajenga mfuko wake, wilaya yenye watoto waliofanikiwa itazidi kupendeza na ile yenye shida kubwa itabaki na mfuko mtupu. Ndo maana napendelea mfuko uwe wa mkoa mzima wa Tanga baadae, hata kama tunaanzia Muheza, na kampuni kubwa zinazofanya kazi mkoani kwetu, mfano wale wa bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, zichangie kwenye kapu la pamoja badala ya kila mmoja kujenga choo chenye jina lake kijiji kilekile kilicho karibu na barabara.

Kisheria pia tusijidanganye, kukusanya na kugawa ruzuku ni kazi ya taasisi iliyosajiliwa, kuna ripoti ya kila mwaka kwa Msajili wa NGO, na kanuni za 2018 zinataka fedha inayozidi milioni 20 iwekwe wazi na mkataba wake upelekwe kwa Msajili na Hazina. Wengine waliona huo ni usumbufu. Mi kwa mfuko wa namna hii naona unatusaidia, sharti la kutangaza hela hadharani tungejiwekea wenyewe hata kama lisingekuwepo.

Kwahiyo kwenye kikao kijacho nitapiga kura ya ndio, lakini nitapeleka masharti yangu kwa maandishi. Fomu ya kurasa mbili kwa Kiswahili. Nauli na sabuni zikubaliwe kwenye bajeti. Mjumbe wa bodi mwenye ndugu kwenye kikundi kinachoomba atoke nje wakati wa kujadili, na iandikwe kwamba alitoka. Angalau viti viwili viwe vya watu wanaoishi kijijini, wala sio sisi tunaokuja na mabasi. Na orodha ya walioomba, waliopata na waliokosa pamoja na sababu ibandikwe ofisi ya kila kijiji na isomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sauti, waliokosa wakiwa wamekaa pale na nafasi ya kuuliza. Nilimpigia yule mzee aliyeleta wazo nikamsomea masharti yote, akanyamaza kidogo, akasema hilo la mwisho ndo litakalowakimbiza wajumbe nusu. Nikamwambia basi tuanze na ile nusu itakayobaki.