Rimu mbili chini ya monita

Ukitaka kujua monita za ofisi yetu zilinunuliwaje, angalia chini yake. Ya mhasibu imekalia rimu mbili za karatasi za A4 ambazo hazijafunguliwa. Stendi yake haipandi wala haishuki, kwa hiyo bila zile rimu dada wa watu anashinda ameinama kama anayetafuta sindano. Mwisho wa mwezi ukifika na stoo hamna karatasi, mtu anakuja, anainua monita, anachomoa rimu moja. "Samahani dada, nakurudishia sasa hivi." Inarudi Jumatatu, ikirudi.

Mimi ndiye ninayetumwa dukani, na fomu ya manunuzi huwa inataja kitu kimoja tu: inchi. "Monita inchi 24, sita." Basi.

Inchi zinapima kioo kutoka kona hadi kona. Kazi ya ofisi ni herufi na tarakimu, na nafasi ya hizo hupimwa kwa pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha kwenye kioo. Kioo cha mhasibu ni 1366 kwa 768, yaani pikseli 1366 kwa upana na 768 kwenda chini. Mstari mmoja wa Excel, ukiuacha ulivyo, unakula pikseli 20 kwenda chini. Ukihamia 1920 kwa 1080 umeongeza pikseli 312, yaani mistari kama 15 unayoiona bila kugusa kipanya. Ukibahatika kupata 1920 kwa 1200, ambayo imerefuka kidogo kwenda juu, unapata mingine sita. Kwa mtu anayelinganisha taarifa ya benki na vocha za malipo kutwa nzima, tofauti hiyo ni kurudi nyumbani mapema.

Sasa nenda Kariakoo. Muuzaji atakwambia, "Kaka, ongeza hela kidogo uchukue inchi 27." Muulize pikseli. Mara nyingi ni 1920 kwa 1080 zilezile, sawasawa na za inchi 22. Mstari hauongezeki hata mmoja, herufi ndizo zinazonenepa, na ukikaa umbali wa mkono unaanza kuona kingo zake zina meno. Inchi 27 ninayoikubali ni ya 2560 kwa 1440. Ingawa, niseme ukweli, tuna mzee wa masijala ambaye macho yamechoka na herufi nene ndizo anazozitaka. Yeye nilimpa inchi 27 ile ya 1920 kwa 1080 wala hatukubishana. TV ya inchi 32 kugeuzwa monita ndiyo sikubali. Nyingi za bei rahisi ni 1366 kwa 768, kwa hiyo umejaza meza nzima halafu umerudi palepale alipo mhasibu. Na hezi 144, yaani kioo kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, waachie wacheza gemu. Kuandika barua, 60 zinatosha.

Mtumba siuogopi hata kidogo. Monita iliyotoka ofisi za Ulaya ikiwa na stendi inayopanda na kushuka naichukua kabla ya mpya yenye mguu uliokakamaa. Naomba waniwekee ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, natafuta vidoa. Nasogea pembeni: sura ikififia au rangi zikigeuka naiacha, kwa sababu nataka IPS, aina ya kioo ambacho rangi zake hazigeuki ukikitazama kwa pembeni. Nyuma natazama kama yapo yale matundu manne ya skrubu, sentimita 10 kutoka moja hadi jingine, ili stendi ikifa niweze kuifunga kwenye mkono wa chuma. Na waya naangalia. Ule wa VGA, wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili pembeni, unaweza kuzipa herufi kivuli. Niliwahi kuitiwa "monita mbovu" nikaiponya kwa waya wa HDMI.

Mwezi uliopita nilifanya ninachodhani kila ofisi ingefanya: nilipoenda kuchukua profoma, nilienda na mhasibu mwenyewe, flashi mkononi, ndani yake faili lake la mwezi. Muuzaji alicheka. Dada akavuta kigoda cha plastiki, akafungua faili, wala hakuuliza ni Dell au HP. Ile ya inchi 27 aliitazama kama dakika moja akaisukuma kando. Aliyoishika ni ya inchi 24, mtumba, fremu ina mkwaruzo. Akaivuta juu mpaka ukingo wake ukalingana na macho.

"Hii. Safu ya VAT naiona bila kusogeza."

Kwa hiyo fomu ya safari hii nimeijaza mwenyewe. Pikseli nimeandika, IPS nimeandika, na stendi ya kupanda na kushuka nimeipigia mstari. Imerudi juzi kutoka ghorofa ya juu, haijasainiwa, pembeni kuna swali kwa wino mwekundu: "Stendi ya kupanda ya nini? Rimu si zipo?"