Rili za Baharini Katika Ziwa Tanganyika: Tunalipia Chumvi Tusiyokuwa Nayo

Uvuvi wa fimbo na rili, kile kifaa cha kukunjia uzi, hapa Kigoma umeacha kuwa jambo la wageni wanaopita kwenda hifadhi za Gombe na Mahale. Watumishi, wafanyabiashara na vijana wa Katonga, Kibirizi na Ujiji, wengi wao wakiwa wamekulia kwenye mshipi wa mkono, sasa wanaagiza rili kutoka Dar es Salaam au nje ya nchi, na swali wanaloulizana ni kama wajikaze wanunue ile kubwa ya baharini. Maoni yangu ni kwamba, kwa mtu anayevua humu ziwani, sehemu kubwa ya bei ya rili hiyo inakwenda kuzuia kitu ambacho maji yetu hayana, na fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye gia, kwenye breki na kwenye rili ambayo fundi wa hapa anaweza kuifungua na kuifunga tena. Anayekwenda kuvua Pemba au Mafia namshauri kinyume chake kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Rili ninayoizungumzia ni ile inayoning'inia chini ya fimbo, ambayo bobini yake, yaani sehemu inayobeba uzi, haizunguki wakati wa kurusha. Uzi hujiporomosha wenyewe kwa mbele, na wakati wa kurudisha ni upinde wa waya unaouzungushia bobini huku bobini ikienda mbele na nyuma. Ubunifu huu huhusishwa zaidi na Alfred Holden Illingworth, mwenye viwanda vya sufu wa Bradford, Uingereza, aliyepata hataza yake mwaka 1905, na ulikusudiwa kurushia chambo chepesi mitoni. Bahari ilikuja baadaye. Karibu kila kilichoongezwa tangu hapo ili kuitwa rili ya kazi nzito ya baharini kimeongezwa kwa sababu ya mambo mawili, yaani nguvu ya samaki na ukali wa chumvi, na kosa la wauzaji wengi ni kuyauza mambo haya mawili kama kitu kimoja.

Tuanze na chumvi. Maji ya bahari yana wastani wa gramu 35 za chumvi kwa kila lita, ilhali maji ya Ziwa Tanganyika hayafikii hata gramu 1. Ndani ya rili kuna mwili wa aluminiamu, beringi na skrubu za chuma kisichoshika kutu kirahisi, na vipande vya shaba nyeupe, na metali tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile iliyo dhaifu huanza kuliwa. Maji yakikauka, chumvi hubaki kama chenga ndani ya beringi na kuisaga. Sehemu inayotangulia kufa kwa kawaida ni rola ndogo inayopitisha uzi kwenye upinde wa waya, kwa sababu uzi uliolowa huipitia kila unapozungusha mkono wa rili.

Ndiyo maana rili kama Penn Slammer zimejaa sili, yaani vizibo vya mpira vya kuzuia maji, na Daiwa wakabuni mafuta yenye chembe za sumaku yanayoziba mwanya unaozunguka mhimili bila mpira kugusa chuma. Ni kazi nzuri ya uhandisi, wala sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni namna tunavyozisoma zile alama za IPX5 na IPX6 zilizochapwa kwenye boksi. IPX5 maana yake ni kwamba kifaa kimestahimili mchirizi wa maji wa lita 12.5 kwa dakika, na IPX6 ni lita 100 kwa dakika, kwa jaribio la dakika chache tu na kwa maji ya kawaida. Alama hizo hazisemi lolote kuhusu chumvi, wala hazisemi sili hiyo itakuwaje mwaka wa tatu mpira ukishakuwa mgumu kwa jua.

Huku kwetu rili hufa kwa sababu nyingine. Hufa kwa mchanga wa ufukweni, kwa vumbi la kiangazi, kwa magamba na utelezi wa dagaa wa chambo, kwa grisi iliyokauka bila mtu kuigusa tangu rili itoke kiwandani, na kwa kutupwa chini ya mtumbwi pamoja na nanga. Nakiri kwamba sili husaidia kiasi dhidi ya mchanga, hasa upepo wa kusini unapovuma miezi ya kiangazi na mawimbi kumwagikia chomboni. Hata hivyo, mchanga mwingi hauingilii kwenye mwili wa rili. Unapanda na uzi uliolazwa ufukweni, unafika kwenye rola, na hapo hakuna IPX ya kukuokoa isipokuwa kuusuuza uzi wenyewe. Tena kila sili ni msuguano. Rili yenye sili nyingi huwa nzito kuzungusha, jambo ambalo mtu hulihisi akivua migebuka kwa chambo chepesi kinachotakiwa kwenda mbio.

Kuhusu nguvu mambo ni tofauti, kwa sababu nguvu ipo pia ziwani, ila si kwa kiasi kinachoandikwa kwenye boksi. Baharini kuna kolekole wakubwa wa aina ya Caranx ignobilis. Anayeshikilia rekodi ya dunia alikuwa na kilo 72.8 na alivuliwa Maui, Hawaii, mwaka 1991. Kuna jodari, ambaye akishashika chambo hukimbia mita mia na zaidi bila kugeuka. Humu ziwani samaki wetu wa kila siku ni mgebuka, ambaye ni mdogo, na kuhe, ambaye ingawa ni miongoni mwa sato wakubwa kabisa duniani bado ni samaki wa kilo chache. Sangala wa aina ya Lates angustifrons ndiye anayeweza kukua kupita kiasi, na kwa ajili yake peke yake ndipo naweza kusikiliza hoja ya rili kubwa. Mlangoni mwa Malagarasi, kwenye samaki wa meno makali wa jamii ya Hydrocynus, tatizo halipo kwenye rili hata kidogo: asiye na kipande cha waya mbele ya ndoana atakatwa uzi, awe na rili ya shilingi elfu hamsini au ya milioni mbili.

Sasa boksi linasema breki, yaani nguvu ambayo rili huhimili kabla ya kuachia uzi, ni ya kilo 20, pengine 25, na mnunuzi anaona amepata ngao. Kanuni ya wavuvi ni kufunga breki kwenye robo hadi theluthi ya uzito unaokata uzi; uzi wa kilo 15 unataka breki ya kilo 4 hadi 5. Mwenye shaka achukue mfuko wenye kilo 5 za sukari, aufunge kwenye ncha ya uzi, kisha ajaribu kuuinua kwa fimbo akiwa amesimama, mikono yote miwili ikiwa kwenye mpini. Atashangaa fimbo inavyopinda na kiuno kinavyolalamika. Kilo 20 kwa mtu aliyesimama kwenye mtumbwi wa mbao ni mwaliko wa kuogelea. Ubora wa breki uko kwenye ulaini wake inapoanza kuachia, maana uzi hukatika hasa pale breki inaposita kidogo na kisha kuachia kwa ghafla. Visahani vya breki, yaani washa, za kaboni zinashinda zile za kitambaa kwenye jambo hili, hasa zikishika joto, na washa hizo siku hizi zinapatikana hata kwenye rili za bei ya kati ambazo hazina jina la baharini.

Kuna jambo jingine la breki ambalo wengi hawalihesabu. Bobini ikiwa imejaa, breki uliyoifunga kwenye kilo 5 inakupa kilo 5. Samaki akikimbia na uzi ukapungua hadi kipenyo cha uzi uliobaki kikawa nusu ya kile cha mwanzo, breki ile ile, bila wewe kuigusa, inakuwa kilo 10, na uzi wako wa kilo 15 umeshaingia mahali pa hatari. Kwa hiyo, samaki anapokwenda mbali, mtu hulegeza breki. Nimeona watu wakiikaza.

Hoja ya bobini kubwa nayo ina utamu wake hapa Kigoma, kwa sababu muuzaji hukukumbusha kwamba Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, lenye takribani mita 1,470, kwa hiyo unahitaji uzi mrefu. Kina hicho ni cha kweli, lakini samaki hawaishi humo. Maji ya ziwa hili hayachanganyiki juu na chini, na upande wetu wa kaskazini oksijeni hukatika kwenye kina cha mita 100 hivi. Kusini inashuka zaidi, kuelekea mita 200. Chini ya hapo hakuna sangala wala mgebuka wa kufuatwa. Mtu mwenye mita 250 za uzi mzuri wa kusukwa, ukitanguliwa na nailoni kidogo chini yake ili usiteleze kwenye bobini, ameshamaliza kina chote chenye uhai na bado ana akiba ya mbio za samaki. Bobini ya mita 500 ni ya jodari.

Uzito nao unahesabika. Rili kubwa za baharini huanzia karibu gramu 600 na kupanda, na hiyo huning'inia mkononi tangu alfajiri hadi jua linapochoma, wakati ya ukubwa wa 5000 au 6000 ni nyepesi zaidi na inamtosha mvuvi wa hapa. Namba hizo hazilingani kampuni kwa kampuni, kwa hiyo ni vizuri kuuliza gramu na mita za uzi badala ya namba.

Lakini sababu inayonisukuma zaidi kuandika haya ni suala la matengenezo. Fundi wa baiskeli au wa redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuifungua rili ya kawaida. Atatoa bobini, atalegeza mkono, atafungua skrubu za ubavuni, na gia kuu itatoka na washa zake nyembamba kama karatasi, ambazo lazima zirudi kwa mpangilio ule ule, vinginevyo gia zitakwaruzana. Picha ya simu kabla ya kugusa chochote inaokoa mengi. Atafuta grisi ya zamani, atapaka mpya kwenye meno ya gia, na kwenye beringi ile inayozuia mkono kurudi nyuma ataweka tone la mafuta mepesi tu, kwa sababu grisi nzito humo huifanya iteleze na mkono ukaanza kurudi nyuma samaki anapovuta. Yote hayo yanafanyika hapa mjini, Mwanga au Ujiji, kwa mchana mmoja. Zile za mafuta ya sumaku, kwa upande mwingine, mtengenezaji mwenyewe anaelekeza zisifunguliwe wala kutiwa mafuta na mtumiaji kwenye sehemu zilizozibwa, bali zipelekwe kwa mafundi wake. Hapa Kigoma mafundi hao hawapo. Hata beringi za kawaida hazipatikani kwenye maduka ya spea za pikipiki kwa sababu ni ndogo mno, ingawa zinaagizika kwa vipimo vyake vitatu, yaani tundu la ndani, kipenyo cha nje na unene, bila kujali jina la rili. Mwenye rili yenye beringi nne nzuri ana vitu vinne vya kutunza. Yule aliyevutiwa na beringi kumi na nne za bei rahisi ana kumi na nne.

Mwaka 2024, Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nilitegemea kwamba wengi wangeitumia miezi hiyo mitatu kufungua rili zao. Mitumbwi ilikarabatiwa. Rili ziliendelea kutundikwa ukutani breki zikiwa zimekazwa, na breki iliyokazwa kwa miezi hubana washa hadi zinapoteza ulaini wake.

Najua jibu ninalopewa: nunua kitu kizuri mara moja, kikutumikie popote. Kwa mtu ambaye kweli anasafiri kwenda pwani, jibu hilo ni sahihi, na hapo nasema asibane matumizi, achukue mwili wa metali, sili za kutosha na rola iliyozibwa. Vilevile asiende na mazoea ya ziwani. Baharini rili huoshwa siku hiyo hiyo: breki inakazwa kwanza ili maji yasiingie kwenye washa, inamwagiwa maji baridi ya mtiririko mdogo, kwani maji ya kasi huisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa, inakaushwa, na mwisho breki inalegezwa. Kwa anayevua kati ya Kibirizi na Gombe mwaka mzima, "popote" hiyo ni safari asiyoifanya.

Wapo pia wanaoletewa rili za baharini zilizotumika, zikija kutoka pwani kwa treni au basi, na bei yake huvutia. Hizo zikaguliwe mchana, kwenye mwanga. Izungushe mkono polepole kabisa, kwa kuwa mkwaruzo husikika kwenye mwendo wa taratibu na hujificha kwenye mwendo wa kasi. Ugeuze rola kwa ncha ya kidole uone kama inazunguka peke yake au imeganda. Kisha angalia pembeni mwa skrubu na chini ya mguu wa rili: ukikuta unga mweupe mkavu, au rangi iliyovimba kama lengelenge, aluminiamu imeshaanza kuliwa kutokea ndani, na maji yetu yasiyo na chumvi hayatairudisha. Rili ya namna hiyo mimi siichukui hata kwa bei ya kutupa, labda kwa ajili ya kung'oa mkono na bobini kama spea.