Kutoka TASAF hadi bumu: nani anambeba mtoto wa kaya maskini katikati?

Mtoto wa kaya iliyo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) akimaliza kidato cha sita mwezi Mei, misaada miwili inamtoka kwa pamoja. Wa kwanza ni elimu bila ada, iliyoanza 2016 ikiishia kidato cha nne na kufika kidato cha tano na sita mwaka wa masomo 2022/23. Wa pili ni ruzuku ya TASAF, ambayo sehemu yake kaya huipata kwa sharti kwamba mtoto anahudhuria shule. Mlango unaofuata ni wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nao haumfungukii mpaka awe amedahiliwa, amesafiri, amesajiliwa chuoni na kuthibitisha kupokea fedha. Hapa Mwanza, kijana anayetoka Ukerewe au Kwimba kuja kwenye vyuo vikuu vya Malimbe au Bugando anapita kwenye miezi hiyo akiwa si mtoto wa TASAF wala mnufaika wa Bodi.

Wapo wanaosema hilo si pengo, na hoja yao ina uzito. Katika awamu ya kwanza ya mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita akaongezewa 6,000, na kaya yenye kila sifa haikuvuka 38,000. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi ya mkopo wa Bodi, ni 10,000 kwa siku, tangu lilipopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022/23. Malipo ya siku 60 ni 600,000. Ukimweka mama mjane wa Magu anayelea wajukuu watatu kando ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, ni vigumu kusema mwanafunzi ndiye aliyesahaulika. Fedha za TASAF zilikusudiwa mlo wa mtoto mdogo, kliniki na daftari la darasa la tatu. Kumwongezea mtu mzima mwenye njia ya kupata mkopo ni kumpunguzia asiye na njia yoyote.

Ninakubaliana na hoja hiyo kuhusu kiasi. Kuhusu wakati, sikubaliani nayo. Bumu haliji siku ya kwanza, na gharama hazilisubiri. Kuomba mkopo kwenyewe ni 30,000, mbali na kuhakiki cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA, kuchapa na kuskani fomu, na nauli ya kuwafuata mwenyekiti wa mtaa na wakili kwa ajili ya mihuri. Akifika chuoni anadaiwa bima ya afya ya 50,400 na ada ya Tume ya Vyuo Vikuu ya 20,000, ambazo mkopo haugusi. Hizo mbili tu ni 70,400. Kwa viwango vile vya awamu ya kwanza, kaya iliyopata ruzuku ya juu kabisa ilipokea 76,000 kwa miezi miwili. Bado hajalipa kodi ya geto, hajanunua godoro, hajala. Na chuo kikidai sehemu ya ada kabla ya kumsajili, asiyesajiliwa hasaini, na asiyesaini halipwi. Ndipo mbuzi anapouzwa, au mjomba mwenye mtumbwi anapokopesha kwa masharti yake.

Bodi imefanya jambo jema kuuliza namba ya kaya ya TASAF kwenye fomu ya maombi. Umaskini uliokwisha kuthibitishwa na mkutano wa kijiji hauna sababu ya kuthibitishwa tena kwa karatasi nyingine. Lakini kwenye ufuo huu wa ziwa namba hiyo ina upofu wake. Mvuvi wa dagaa hupata fedha siku za giza, mbalamwezi isipokuwepo. Mbalamwezi ikiwa kali, mtumbwi unakaa nchi kavu na nyumbani wanakula kwa deni. Mtathmini akikuta bati na simu atasema kaya inajiweza, na pengine ni kweli kwa wiki ile. Mtoto wa kaya hiyo hana namba ya TASAF, na mzazi wake hana hati ya mshahara ya kuonyesha kipato kinachopanda na kushuka. Namba ikipewa uzito mkubwa mno, huyu ndiye atakayesukumwa nje, na vijana wa aina yake ni wengi Igombe, Kayenze na visiwani.

Jambo linalonisumbua zaidi ni deni. TASAF inatoa ruzuku kwa kaya, Bodi inamkopesha mtu mmoja. Kadiri mwombaji anavyoonekana maskini, ndivyo anavyopangiwa mkopo mkubwa zaidi, na hiyo ni haki kabisa siku ya kuingia chuoni. Siku ya kutoka hesabu inageuka: mtoto wa kaya maskini kuliko zote ndiye anayebeba deni kubwa kuliko wote, akikatwa asilimia 15 ya mshahara, huku aliyelipiwa ada na baba yake akianza maisha bila deni. Tena muulize mwanafunzi wa Malimbe aliyetoka kaya ya aina hiyo bumu lake huishia wapi. Sehemu inarudi nyumbani kwa simu, kwa sare ya mdogo wake au dawa ya bibi. Kaya inaendelea kupata ruzuku, ila sasa anayeilipia ni kijana mwenyewe, kwa mkopo.

Watetezi wa Bodi watajibu kwamba mfuko huu unazunguka: anachorejesha mhitimu wa jana ndicho anachokopa wa kesho, na ukigeuza sehemu kuwa ruzuku unapunguza idadi ya watakaokopa. Ni kweli, hata baada ya bajeti kupanda kutoka bilioni 570 mwaka 2021/22 hadi bilioni 654 mwaka uliofuata. Lakini Serikali imeshaonyesha kwamba masharti si msahafu. Mei Mosi ya 2021, hapa hapa Mwanza, Rais Samia alitangaza kufuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Na Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23, ni fedha isiyorejeshwa. Inawafuata waliofaulu sana masomo ya sayansi. Kufaulu kunastahili tuzo. Ila binti wa kaya ya TASAF aliyepata daraja la pili huku akichota maji ziwani kila asubuhi hana mlango wa namna hiyo.

Kwa hiyo sidai kaya zilipwe mara mbili. Ninachodai ni makabidhiano. TASAF inajua mtoto yupi yuko kidato cha sita, maana inafuatilia mahudhurio yake. Jina hilo lifike Bodi kabla ya Mei, ada ya maombi ifutwe kwake, na bima na ada ya Tume zilipwe moja kwa moja chuoni kama ruzuku. Kwa 70,400 kwa kichwa, hiyo si fedha ya kuangusha mfuko. Likizo ndefu, bumu linapokatika na wanafunzi wanakwenda kubeba mizigo soko la samaki la Mwaloni, kaya iruhusiwe kumtuma yeye kwenye ajira za muda za TASAF, kwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka kama kaya nyingine za mpango. Ugumu nauona kwenye suala la deni: ukisamehe sehemu kwa watoto wa TASAF peke yao, mtoto wa mvuvi wa dagaa asiye na namba atabaki na deni lote. Hapo ningeanza na orodha iliyopo, kisha nishinikize halmashauri za kandokando ya ziwa zipime kipato cha wavuvi kwa mwaka mzima badala ya siku moja ya tathmini.